Mlango wa Kutokea: Mabadiliko ya Masharti ya Kujitoa Katika Huduma za Kujiunga

Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Morogoro, katika wiki ya Siku ya Haki za Watumiaji Duniani. Yamehaririwa kidogo kwa ajili ya kijitabu hiki.

 

Mwenyekiti wenu alipoiandikia Mamlaka kuomba mtu wa kuja kuzungumza nanyi, barua yake ilikuwa na sentensi moja ambayo nimekuwa nayo mfukoni tangu siku ile. Alisema wanachama wake wanajua kujiunga na kila kitu, lakini hawajui kutoka. Nimesoma sheria kwa miaka kadhaa, na sijawahi kukuta mahali ambapo jambo hili limeelezwa kwa ufupi namna hiyo. Kwa hiyo leo sitazungumzia bei, wala ubora wa huduma, wala matapeli. Nitazungumzia mlango wa kutokea, na hasa kile kinachotokea pale mwenye nyumba anapouhamisha mlango huo wakati wewe ukiwa bado ndani.

Nianze nyumbani kwetu. Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Alifundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini. Huweka vocha ya shilingi 1,000 siku ya Jumatatu, na kwa kuwa watoto ndio tunaompigia yeye, vocha hiyo ilikuwa ikimtosha wiki nzima. Ikafika wakati ikawa haimtoshi. Jumatano anatazama salio, limepungua. Ijumaa limepungua tena, na hajampigia mtu. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa kidato cha pili. Mama hakuhitaji upelelezi mrefu. Kwa miezi minne mdogo wangu aliitwa mwizi wa vocha katika nyumba ya mwalimu, na kila alipokana, kukana kwenyewe kulihesabiwa kuwa kosa la pili.

Nilipokwenda likizo nikaiomba simu. Kila asubuhi saa moja kulikuwa na ujumbe mfupi wa ushauri wa afya: kunywa maji, punguza chumvi, tembea. Mama alidhani ni zawadi kutoka kwa mtandao kwa wateja wa siku nyingi. Kumbe siku moja aliulizwa kwa ujumbe kama angependa kupata ushauri wa afya, naye, kwa adabu ya mtu anayejibu anapoulizwa, alibonyeza 1. Kila ushauri ulikuwa shilingi 100. Kwa miezi minne hiyo ni kama shilingi 12,000. Kwa mwaka ingekuwa shilingi 36,500.

Ujumbe wa siku ile aliyojiunga ulikuwa bado upo, na ulisema waziwazi kwamba akitaka kujitoa atume neno ONDOA kwenda namba fulani. Nikatuma. Likaja jibu kwamba utaratibu huo hautumiki tena, nifuate menyu ya huduma. Nikarudi nyuma kwenye jumbe moja baada ya nyingine, hadi nikaiona taarifa ya mabadiliko. Ilikuwa imefika majuma matatu kabla, katikati ya tangazo la bahati nasibu na tangazo la vifurushi vya usiku, tena kwa Kiingereza. Mama yangu anakisoma Kiingereza bila shida, lakini hakuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba katika msongamano ule kulikuwa na kitu kinachomhusu.

Sitaitaja kampuni hiyo, maana sikuja kuishtaki. Nimelisimulia jambo hili kwa sababu linaonyesha mambo mawili ambayo watu hudhani ni moja. La kwanza ni kujiunga bila kujua. Hilo tunalipigia kelele kila siku na ninyi mmelisikia mara nyingi. La pili husemwa mara chache: hata yule aliyejiunga kwa hiari yake, akasoma masharti, akajua njia ya kutoka, anaweza kuamka siku moja akakuta njia hiyo si ile aliyoijua.

Tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Ukinunua kilo ya sukari dukani, biashara imekwisha: umetoa hela, umepewa sukari, kila mtu ameshika njia yake. Huduma ya kujiunga haina mwisho wa namna hiyo. Iwe ni ujumbe wa kila siku, kifurushi kinachojirudia chenyewe, filamu za kutazama kwa intaneti, programu ya simu, ukumbi wa mazoezi au nafasi ya kuhifadhi picha, malipo hujirudia hadi pale wewe utakaposema basi. Dukani ukinyamaza hununui. Huku ukinyamaza unanunua. Kwa hiyo namna ya kusema basi, mahali pa kulisema, na muda wa kulisema kabla halijachelewa, vina uzito sawa na bei, na wakati mwingine kuliko bei.

(Nyaraka nyingi za Kiswahili zinazohusu sheria hizi hutuita "walaji." Neno hilo halina kosa, lakini mama yangu aliniuliza alikula nini hasa katika ule ushauri wa chumvi, nami sikuwa na jibu. Nitatumia "mtumiaji.")

Wote tunayajua yale maneno ya mwisho wa matangazo ya redio, yanayosemwa kwa kasi kana kwamba mtangazaji anakimbiza basi: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Tumeyazoea hadi tunayatania. Lakini vigezo na masharti ndio mkataba wenyewe, na ndani yake kuna kifungu kimoja ambacho karibu kila kampuni huwa nacho: kwamba inaweza kubadilisha masharti kwa kutoa taarifa, na kwamba mteja akiendelea kutumia huduma baada ya taarifa hiyo, amekubali. Kifungu hicho ndicho kinachowezesha mlango kuhamishwa ukiwa ndani.

Nimetunga taarifa moja kwa kufuata zile ambazo nimeziona kazini. Naomba niisome polepole.

"Mpendwa mteja, katika kuboresha huduma zetu, kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao maombi ya kusitisha yatapokelewa kupitia akaunti yako ya mtandaoni pekee, yakitanguliwa na notisi ya siku 30. Malipo yaliyokwisha kufanywa hayatarejeshwa. Kuendelea kutumia huduma ni kukubali masharti haya. Asante kwa kuwa nasi."

Ina adabu, na ni fupi. Wengi wetu tungeifuta kabla ya kufika mwisho. Sasa tuitazame.

"Katika kuboresha huduma zetu" ni maneno ya kupamba. Yarukeni. Sijapata kuona taarifa iliyoanza kwa kusema "katika kuwawekea ugumu wa kuondoka."

"Kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao" ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayosomwa kwa haraka kuliko zote. Maana yake ni kwamba leo masharti ya zamani bado yanatawala. Kama ulikuwa na mawazo ya kutoka, hizi siku zilizobaki ndizo zako. Unaweza kutoka kwa njia ya zamani, bila notisi. Tarehe ikipita, nafasi hiyo imekwenda. Ninapopokea taarifa ya namna hii, jambo la kwanza ninalofanya ni kuandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, ambayo haina tabia ya kujifuta.

"Kupitia akaunti yako ya mtandaoni pekee." Neno la kutazama hapa ni "pekee." Jana ungeweza kupiga simu, au kwenda dukani kwao ukazungumza na binti aliyekaa kaunta. Kesho hutaweza. Jiulize mara moja: je, ninayo hiyo akaunti ya mtandaoni? Ninaikumbuka nywila yake? Ilifunguliwa kwa namba yangu, au kwa namba ya kijana aliyenisaidia kujiunga? Hapa Tanzania watu wengi wamefunguliwa akaunti na mawakala, wajukuu au mafundi simu, na ufunguo wa mlango umebaki kwa mtu mwingine. Ni afadhali kuutafuta ufunguo huo kabla hujauhitaji.

"Notisi ya siku 30." Hapa naomba tupige hesabu, kwa sababu ndipo hela zinapotoka. Tuseme ni ukumbi wa mazoezi wa shilingi 60,000 kwa mwezi, nawe hukatwa kila tarehe 5. Chini ya masharti ya zamani ungeweza kutoka wakati wowote kabla ya tarehe ya kukatwa. Tarehe 20 Juni unaamua kuacha. Zamani, tarehe 5 Julai usingekatwa kitu. Kwa masharti mapya notisi yako inaisha tarehe 20 Julai, kwa hiyo tarehe 5 Julai unakatwa shilingi 60,000 nyingine. Na malipo hayo yanafika hadi tarehe 4 Agosti. Je, siku zile za kuanzia tarehe 20 Julai hadi tarehe 4 Agosti utaruhusiwa kuingia ukumbini? Au utarudishiwa nusu? Taarifa imekwisha kukujibu: "Malipo yaliyokwisha kufanywa hayatarejeshwa." Sentensi mbili fupi zimekugharimu mwezi mzima, na bei ya huduma haijapanda hata shilingi moja. Ndiyo maana nasema anayetazama bei peke yake atakuwa ametazama dirishani.

Lipo na jingine la jamii hiyohiyo, ingawa halimo katika mfano wangu. Ni mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mwezi. Ukurasa wa kujiunga huandika bei ya mwezi kwa herufi kubwa, na neno "mwaka" kwa herufi ndogo. Mtu hudhani ameingia kwa mwezi mmoja, kumbe ameahidi miezi kumi na miwili, na akitoka mwezi wa tatu hudaiwa faini ya kuvunja mkataba. Kabla ya kubonyeza, tafuteni kama ahadi ni ya mwezi au ya mwaka. Hilo ni tofauti na swali la kama malipo ni ya mwezi au ya mwaka.

Sasa kuhusu namna ya kutoka, kuna imani mbili ambazo nimezikuta kila mahali nilipokwenda, na zote mbili zimewagharimu watu.

Imani ya kwanza ni kwamba ukifuta programu kwenye simu umejitoa. Hujajitoa. Programu ni picha tu iliyopo kwenye kioo chako. Makubaliano ya malipo yapo kwenye akaunti. Ikiwa ulijiunga kupitia duka la programu la Google, fungua duka hilo, bonyeza alama ya wasifu wako, ingia kwenye sehemu ya malipo na usajili, na huko ndiko unakosimamishia. Kwa wenye simu za Apple, ni kwenye mipangilio, juu kabisa palipo na jina lako, kisha sehemu ya usajili. Na kwa hizo za Apple, jaribio la bure unapaswa kulisitisha angalau saa 24 kabla halijaisha. Ukingoja dakika ya mwisho unaweza kukuta umeshakatwa. Ikiwa ulijiunga kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, maduka hayo hayatakuonyesha kitu, itakubidi urudi kwenye tovuti hiyohiyo.

Imani ya pili ni kwamba ukifunga kadi ya benki umejitoa. Kufunga kadi huzuia hela kutoka, na mara nyingine ni hatua ya busara pale muuzaji anapokataa kusikia. Lakini mkataba hauvunjwi na kadi, na kampuni inaweza kuendelea kuandika deni. Zaidi ya hayo, mitandao mikubwa ya kadi ina utaratibu ambao benki zinaweza kuutumia kumpa muuzaji namba ya kadi yako mpya pale ya zamani inapokwisha muda, ili malipo yasikatike. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya urahisi wa wateja, na kwa wengi ni urahisi kweli. Kwa yule aliyedhani kadi kuisha muda ndiyo dawa yake, si urahisi.

Tofauti ya njia za malipo ni jambo la kulifahamu. Unapolipa kwa hela ya simu ukiweka namba ya siri kila mara, wewe ndiye unayesukuma hela itoke; usiposukuma haitoki. Unapolipa kwa kadi uliyoihifadhi, au kwa salio la vocha, anayevuta ni mwenzako, nawe huarifiwa baadaye, kama unaarifiwa. Mimi mwenyewe, huduma ambayo sina hakika nayo huilipia kwa njia ya kusukuma. Ni usumbufu kidogo kila mwezi, na usumbufu huo naupenda.

Nimefika kwenye swali ambalo wanachama watatu walilituma kabla ya leo, kila mmoja kwa maneno yake. Kuna video inayozunguka kwenye makundi ya simu inayosema kwamba sasa ni sheria: kampuni zote lazima ziruhusu watu kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Je, ni kweli?

Ilikuwa habari ya kweli, ya nchi nyingine, na haikufika mwisho iliotarajiwa. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitangaza kanuni ya namna hiyo Oktoba 2024: kutoka kuwe rahisi angalau kama kujiunga. Vifungu vyake vikuu vilikuwa vianze kutumika tarehe 14 Julai 2025. Tarehe 8 Julai, siku sita kabla, mahakama ya rufani ikaibatilisha kanuni yote. Majaji hawakusema kwamba ni haki kumfungia mteja mlango. Walisema Tume iliruka hatua moja ya utaratibu, yaani uchambuzi wa awali wa athari za kiuchumi ambao sheria yao huutaka kwa kanuni kubwa. Mimi kama mtumishi wa chombo cha udhibiti niliisoma hukumu hiyo kwa masikitiko na kwa makini, maana inaonyesha jinsi jambo jema linavyoweza kuangushwa na karatasi moja iliyokosekana.

Hata hivyo Wamarekani hawakubaki mikono mitupu. Wana sheria ya mwaka 2010 inayomtaka anayeuza huduma za kujirudia mtandaoni aeleze masharti waziwazi, apate ridhaa ya kweli ya mteja, na aweke njia nyepesi ya kusimamisha makato. Kwa kutumia sheria hiyo Tume iliishtaki kampuni ya Amazon mwaka 2023 kuhusu uanachama wake wa Prime. Katika mashtaka ilielezwa kwamba ndani ya kampuni utaratibu wa kujitoa ulipewa jina la Iliad, yaani ule utenzi mrefu wa Kigiriki kuhusu vita vya Troya, na kwamba mteja alipitishwa kurasa nne, mibonyezo sita na machaguo kumi na matano kabla ya kuachiwa. Septemba 2025 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola bilioni 2.5, ambapo bilioni 1.5 zilitengwa kurudishwa kwa wateja. Kampuni haikukiri kosa.

Ujerumani imekwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Julai 2022, tovuti inayouza mikataba ya kujirudia lazima iwe na kitufe kinachoonekana cha kusitisha mkataba, na ukurasa wa kuthibitisha baada yake. Kitufe kisipowekwa, mteja anaweza kusitisha wakati wowote bila notisi. Hapo pana akili: adhabu yenyewe ndiyo mlango. Na kwa mikataba iliyofungwa kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huohuo, muda wa awali ukiisha mkataba hauwezi tena kujiongeza wenyewe kwa mwaka mzima kama zamani. Mteja anaweza kutoka kwa notisi isiyozidi mwezi mmoja. Ufaransa nayo iliweka utaratibu wa kujitoa mtandaoni tangu tarehe 1 Juni 2023.

Kwa nini nawaeleza habari za mbali? Kwanza, ili ile video isiwadanganye. Kanuni ya Marekani, hata kama ingesimama, isingemlinda mama wa Kihonda anayekatwa vocha. Mkiona habari ya sheria mpya, ulizeni mambo mawili kabla ya kuituma kwa wengine: ni ya nchi gani, na imeanza kutumika au imetangazwa tu. Pili, kampuni nyingi mnazolipa za filamu, muziki na programu ni hizohizo zinazofanya biashara Berlin na New York. Kitufe ambacho tayari wamekitengeneza kwa Mjerumani hakiwagharimu kitu kikubwa kumwekea Mtanzania. Mnapowaandikia, ulizeni tu kwa heshima kwa nini chenu hakipo.

Na sisi huku tuna nini? Tuna zaidi ya watu wanavyodhani, ingawa halijaandikwa kwa jina la "kujitoa." Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Taarifa ya mabadiliko iliyofichwa mahali ambapo mtu wa kawaida hawezi kuiona, au ukurasa unaokuaminisha kwamba umejitoa kumbe bado, ni mambo yanayoweza kupimwa kwa kipimo hicho. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo ina vifungu vya kumlinda mtumiaji anayenunua mtandaoni. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zake za kumlinda mtumiaji, inagusa moja kwa moja watoa huduma wenye leseni. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu kile kinachobaki baada ya wewe kuondoka, yaani jina lako, namba yako na kumbukumbu zako. Kujitoa kwenye huduma hakufuti vitu hivyo. Ombi la kuvifuta ni ombi jingine, lifanyeni kwa maandishi.

Lakini sheria hizi zote hunyamaza mtu asipokuwa na ushahidi. Hapa ndipo malalamiko mengi yanayofika mezani kwetu huanguka, nami naumia kila ninapolazimika kumwambia mtu hivyo. Anasema alijitoa mwezi wa tano. Kampuni inasema hakujitoa. Hakuna karatasi, hakuna picha, hakuna namba. Basi fanyeni hivi, na nawaomba msione ni jambo dogo: siku mnayojiunga, pigeni picha ya kioo cha simu pale penye masharti ya kutoka. Siku mnayopokea taarifa ya mabadiliko, msiifute. Siku mnayojitoa, hifadhini ujumbe wa uthibitisho, na kama mlipiga simu, ulizeni jina la aliyewahudumia na namba ya kumbukumbu ya ombi, kisha muandike na saa. Baada ya hapo tazameni salio au taarifa ya benki katika tarehe ya makato inayofuata, kwa sababu ndipo mtakapojua kama mlango umefungwa kweli nyuma yenu.

Makato yakiendelea, anzeni kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Vyombo vya udhibiti vitawauliza kwanza kama mlifanya hivyo, si kwa kuwasumbua, bali kwa sababu mengi huishia hapo. Andikeni kwa ufupi: nilijiunga lini, masharti ya kutoka yalikuwaje, nilijitoa lini na kwa njia gani, nimekatwa kiasi gani tangu hapo, naomba nirudishiwe. Msitukane. Barua isiyo na matusi husomwa hadi mwisho. Wakikaa kimya au jibu lao lisiporidhisha, leteni kwetu barua hiyohiyo na picha zake. Kama suala haliko chini yetu tutawaelekeza kwa chombo kinachohusika. Hatutawaambia tu kwamba halituhusu.

Mwanachama mmoja aliuliza kama inafaa kulalamikia shilingi mia. Nilimwambia kwamba anayemkata shilingi mia hamkati yeye peke yake.

Mama yangu alijitoa. Menyu ilikuwa na hatua tano, na katika hatua ya nne iliuliza kama ana hakika anataka kukosa ushauri wa afya. Alinirudishia simu na kusema swali hilo limeandikwa vibaya, kwa sababu haijulikani kama kujibu ndiyo ni kutoka au ni kubaki. Alikuwa sahihi, tulilisoma mara tatu. Kisha tuliandika barua, na baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa alirudishiwa makato ya zile siku zilizofuata siku niliyotuma neno ONDOA. Ya kabla ya hapo hayakurudi. Mdogo wangu aliombwa radhi mezani, mbele yetu sote, jambo ambalo katika nyumba yetu si la kila mwaka. Sasa yuko chuo, na bado hukataa kushika simu ya mama.

Nimemaliza ya kwangu. Mwenyekiti ameniambia chai iko tayari. Nitakaa kwenye meza ile iliyo karibu na mlango hadi saa saba. Mwenye simu inayokatwa salio asilolielewa aje nayo, na kama ana taarifa yoyote ya mabadiliko aliyoipokea miezi ya karibuni, asiifute njiani, tutaisoma pamoja.